Shajara kwenye Joplin: kinachobadilika ukiacha karatasi

Ninatumia Joplin kama shajara, kwenye kompyuta na kwenye simu. Ni programu huria, hailipiwi, na huhifadhi kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yanayosomeka hata bila Joplin. Ninaipendekeza kwa moyo wote, ila usiisakinishe na kuanza kumwaga siri jioni hiyohiyo. Daftari la karatasi hulindwa na mahali lilipofichwa, basi. Shajara ya mtandaoni ina milango miwili, na wengi hufunga mmoja wakaridhika.

Mlango wa kwanza ni njia ya mtandao. Maandishi yanaweza kusawazishwa, yaani kufanywa yawe sawa kwenye vifaa vyako vyote, kupitia hifadhi za mtandaoni kama Dropbox, OneDrive, Nextcloud au seva ya WebDAV. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho upo, yaani maandishi hufungwa kwenye kifaa chako na kufunguka kwenye vifaa vyako tu, lakini lazima uuwashe mwenyewe. Anza na kifaa kimoja tu: uwashe kwenye mipangilio, weka nenosiri kuu, kisha usawazishe mpaka kila kitu kiwe kimepakiwa kwenye seva. Ndipo uende kwenye simu, usawazishe, na uingize nenosiri lilelile litakapoulizwa. Ukiwasha kwenye vifaa viwili kwa pamoja unazalisha funguo mbili, na kuzisuluhisha ni kazi. Nenosiri liandike kwenye karatasi, ukaliweke mbali na kompyuta. Likipotea pamoja na vifaa, kilichobaki kwenye seva hakifunguki tena.

Mlango wa pili ni kifaa chenyewe. Usimbaji huo hulinda kinachosafiri na kilichoko kwenye seva tu. Ndani ya kompyuta, maandishi yako kwenye faili la database.sqlite yakiwa wazi. Kwa hiyo washa usimbaji wa diski nzima, yaani BitLocker kwenye Windows au FileVault kwenye Mac, ili aliyeiba diski asiisome, na uweke skrini ijifunge baada ya dakika chache, kwa ajili ya aliye jirani nawe. Angalia pia mpangilio wa kuhifadhi mahali ulipoandikia. Kama huhitaji ramani ya nyendo zako, uzime.

Katika uandishi, fungua dokezo jipya kwa kila siku. Dokezo moja refu la mwezi mzima huleta mgongano: umeongeza aya kwenye simu isiyo na mtandao, ukaongeza nyingine kwenye kompyuta, na zinapokutana Joplin inabaki na toleo moja, lile lingine inalitupia kwenye daftari la migongano. Halijapotea, lakini ni wewe utakayeziunganisha kwa mkono. Usawazishaji wa kawaida ni kila dakika 5, hivyo bonyeza kitufe chake kabla ya kufunika kompyuta.

Utafutaji ndio faida ambayo karatasi haitaifikia kamwe. Andika created:2023 -created:2024 usingizi, utapata siku zote za 2023 ulizotaja usingizi. Lakini Kiswahili kina kikwazo chake hapa. Kinyota cha kutafutia (*) huwekwa mwishoni mwa neno, ilhali vitenzi vyetu hubadilika mwanzoni: ukitafuta lala, nililala na sikulala hazitokei. Tanguliza mkwaju, /lala, ili programu itafute herufi hizo popote zilipo ndani ya neno. Nami huweka lebo za nomino, kama usingizi, deni, safari, maana nomino hizo hazibadiliki kila siku.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni kufuta. Kwenye karatasi, neno lililokatwa bado linaonekana, na mkato wenyewe unasema kitu. Kwenye skrini unaipaka rangi hasira ya jana leo asubuhi, na hakuna alama inayobaki. Joplin huweka historia ya mabadiliko, lakini kwa kawaida ni kwa siku 90. Ongeza muda huo kwenye mipangilio mapema. Kanuni ninayoifuata ni kutogusa siku iliyopita: masahihisho yanaingia chini yake, na tarehe mpya. Tarehe nayo iandike ndani ya maandishi, kwa sababu ile ya programu inaweza kubadilishwa kwenye sifa za dokezo, na ukitoa nakala ya Markdown ya kawaida haiandikwi ndani ya faili.

Usawazishaji si nakala ya akiba: ukifuta huku, na kule kunafutika. Huduma nazo hufungwa. Open Diary, tovuti ya shajara iliyoanza 1998, ilifungwa 2014 na ikarudi 2018 tu. Kila mwezi toa faili la JEX, umbizo la Joplin lenyewe la nakala, ambalo hubeba picha na lebo zote; mara moja kwa mwaka toa Markdown yenye kichwa cha taarifa (Markdown + Front Matter), ili tarehe zisafiri na maandishi. Nakala hizi hutoka bila kufichwa hata kama umewasha usimbaji, kwa hiyo ziweke kwenye diski iliyosimbwa, kisha ufute ile iliyobaki kwenye kabrasha la vipakuliwa.