Faili la mifuko 13 kutoka Kariakoo, baada ya miezi 14 nyumbani

Faili ninalolizungumzia ni lile la plastiki linalokunjuka kama kodiani, lenye mifuko 13 ya ukubwa wa A4, vijilebo vya kuandikia na kifuniko kinachofungwa kwa lastiki. Nililinunua katika duka la steshenari Kariakoo kwa shilingi 18,000, baada ya muuzaji kuanzia 25,000. Halina jina la mtengenezaji, kwa hiyo atakayelitafuta itambidi alitambue kwa umbo.

Sikwenda dukani kwa sababu ya kupenda utaratibu. Baba mkwe alipofariki, ofisi iliyoshughulikia mafao yake ilitaka barua yake ya kwanza ya ajira pamoja na cheti cha ndoa, nasi tulitumia karibu miezi mitatu kuvitafuta, kimoja kikaonekana kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kingine ndani ya bahasha ya kaki iliyochanganywa na kadi za kliniki za watoto ambao leo wana watoto wao. Muhtasari wa kikao cha ukoo, uliohitajika Mahakama ya Mwanzo, ndio pekee uliopatikana siku hiyohiyo, na ni kwa sababu ulikuwa umeandikwa juzi yake.

Sifa kubwa ya faili hili ni uchache wa mifuko yake. Sanduku hupokea kila kitu bila kuuliza, lakini mifuko 13 inakulazimisha kuamua karatasi ni ya nini kabla ya kuiweka. Vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vilipata mfuko wao, vyeti vya shule wao, halafu zikafuata hati za kiwanja, bima, NSSF, kodi na TIN, gari, ada za watoto, hospitali, mikopo ya benki, kikundi chetu cha vicoba na dhamana za vifaa kama jokofu. Mfuko wa 13 niliuachia karatasi ambazo sijaziamulia, na ndio unaojaa kuliko yote. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi mbili, na karibu nusu ya karatasi tulizokuwa tumezitunza kwa miaka zilikuwa nakala za nakala.

Kasoro yake kubwa ni plastiki yenyewe. Mifuko ya ndani ni ya PVC laini, na joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi lilipokwisha nilikuta wino wa nakala zilizotolewa kwa mashine umegandia kwenye plastiki, maandishi ya barua moja ya benki yakisomeka vizuri zaidi ukutani mwa mfuko kuliko kwenye karatasi yake. Mafuta yanayotiwa katika PVC ili iwe laini hulegeza wino wa aina hiyo na kuung'oa. Mafaili ya polipropilini, plastiki ya aina nyingine, hayana tabia hiyo: ni magumu kidogo na hayana harufu. Ukifungua faili dukani ukapokewa na harufu kali kama ya kitambaa kipya cha meza cha plastiki, lirudishe. Kwa kuwa langu nilishalinunua, sasa kila hati ya maana huingia kwanza katika bahasha ya karatasi, jambo ambalo limelifanya faili livimbe kuliko lilivyokusudiwa.

Risiti za EFD, yaani zile za mashine za kodi za madukani, zina ugonjwa wao tofauti, ambao hakuna faili linaloutibu. Huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali, kwa hiyo joto, mwanga na plastiki ya aina hii huzifuta taratibu hadi ibaki karatasi nyeupe. Nina duka dogo la vitambaa, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, muda ambao risiti nyingi za namna hiyo haziufikii zikiwa zinasomeka. Ninazitolea nakala wiki ileile ninapozipokea, kisha ninaziunganisha kwa pini, ya asili nyuma na nakala mbele.

Jambo jingine anayenunua anapaswa kulijua ni kwamba sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba siku hizi haina karatasi kabisa. Kodi ya jengo, tangu Agosti 2021, hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na ushahidi wake ni ujumbe wa simu; ada za shule nazo mara nyingi hulipwa kwa simu. Kwa ajili hiyo niliongeza kaunta buku ya kwaya mbili, ambamo kila Jumapili usiku ninanakili tarehe, kiasi na namba ya muamala. Daftari hilo, wala si faili, ndilo lililonionyesha kwamba tulikuwa tukilipia kila mwezi king'amuzi cha chumba ambacho mwanetu alikihama alipokwenda chuo.

Mengine ni madogo. Michoro ya nyumba haiingii bila kukunjwa mara mbili. Faili halina kufuli, na kwa kuwa limekusanya kila kitu mahali pamoja, mwizi atashukuru. Letu linakaa ndani ya kabati linalofungwa. Paa lilipovuja wakati wa masika, maji yaliishia kwenye kifuniko.

Kwa shilingi 18,000 sijutii, ila ningerudi dukani leo ningeongeza fedha nipate la polipropilini, na nisingezidi mifuko 13 hata kama lipo la 24. Lastiki ya kifuniko ilikatika mwezi wa tisa. Fundi cherehani wa mtaani kwetu aliweka nyingine kwa shilingi 1,000, na hiyo yake ni imara kuliko iliyokuja na faili.