Tahadhari kwa wazazi wa Mombasa: kambi za maigizo za likizo zinazouza bango, si mafunzo

Ndugu wazazi, kila shule zinapokaribia kufungwa, Aprili, Agosti na Novemba, magrupu ya WhatsApp kuanzia Bamburi na Nyali hadi Tudor na Likoni hujaa mabango ya kambi za maigizo za watoto. Baadhi ni za watu wanaoijua kazi. Lakini upo utapeli mmoja unaorudi likizo baada ya likizo, jina jipya, namba mpya, bango lile lile. Sisi tunaofundisha watoto kazi ya jukwaa tunaandika haya ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Bango lenyewe utalitambua. Wiki mbili tu, watoto wa miaka 5 hadi 17 pamoja, onyesho kubwa la saa nzima siku ya mwisho, cheti cha kimataifa, nafasi chache zimebaki, na picha ya watoto wa kwingine kabisa wakiwa chini ya taa za jukwaa. Ada ya kuingilia huwekwa ndogo makusudi. Siku ya tatu yanakuja malipo ya maleba, yaani nguo za jukwaani. Halafu usafiri wa kwenda ukumbini, halafu cheti, na mwisho tiketi: mzazi analipia kiti cha kumtazama mwanawe mwenyewe. Kila kiasi ni kidogo, hakimpi mtu sababu ya kugombana, na mtoto keshaambiwa yeye ndiye mhusika mkuu. Watoto wengine nao wameambiwa vivyo hivyo. Akilia nyumbani, utalipa, na tapeli analijua hilo tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kuuliza chochote, piga hesabu ya saa. Siku 10 za saa 3 ni saa 30. Toa kupasha mwili, vitafunio, swala, na wale waliochelewa kwa sababu ya foleni ya feri. Zitabaki kama 20. Kwa watoto wanaoanza, dakika moja ya onyesho hula takriban saa moja ya mazoezi: kukariri, kupanga nani anasimama wapi, kurudia palipoharibika, kisha angalau mazoezi mawili kamili na maleba. Kwa hiyo wiki mbili za kazi ya kweli huzaa onyesho la dakika 15 hadi 20, na watoto 12 hadi 15. Anayekuahidi saa nzima na watoto 60 hana njia ila moja: kuwapanga mistari, kuwasha muziki, na kuwaacha wafungue vinywa kufuata sauti ya rekodi. Ukiona onyesho ambalo hakuna mtoto aliyesema sentensi tatu kwa sauti yake mwenyewe, hayo hayakuwa mafunzo.

Kuchanganya umri ni dalili nyingine. Mtoto wa miaka 5 au 6 humalizika nguvu baada ya dakika 45. Kijana wa miaka 15 ndiyo kwanza anaanza kuchangamka. Darasa la kweli huwagawa, kwa kawaida 5 hadi 7, 8 hadi 11, na 12 kwenda juu, kila kundi na mwalimu wake. Kuhusu idadi ya wasimamizi, NSPCC, shirika la Uingereza la kulinda watoto, hupendekeza mtu mzima 1 kwa watoto 6 wa miaka 4 hadi 8, 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12, na 1 kwa 10 wa miaka 13 hadi 18, na wasipungue watu wazima wawili hata kundi likiwa dogo. Hapa kwetu si sheria, lakini ni kipimo kizuri. Watoto 60 na "mwalimu" mmoja mwenye kipaza sauti ni hatari, hata kama nia yake ni njema.

Mwulize mwalimu swali moja la kazi: mtoto wa miaka 6 asiyesoma vizuri utampa vipi maneno yake? Anayejua atakujibu papo hapo kwamba humwambia sentensi moja moja kwa sikio, akaifunga kila sentensi na mwendo, hatua mbili mbele au mkono kifuani, kwa sababu mwili humkumbusha mtoto maneno. Asiyejua atakuambia watapewa karatasi wakakariri nyumbani. La pili: sauti isiyofika nyuma ya ukumbi hutibiwaje? Jibu ni pumzi ya tumboni, kufungua kinywa na kutamka herufi za mwisho. Wanaowaambia watoto wapige kelele zaidi huwarudisha nyumbani wamekauka koo, na sauti ya mtoto ikikwaruza kwa zaidi ya siku mbili baada ya darasa, mtoe.

Sasa vyeti, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Trinity College London na LAMDA ni bodi za kweli za Uingereza, na zina mitihani ya drama ya daraja la 1 hadi la 8. Lakini mtoto huandikishwa kwa jina kabla ya mtihani, hutahiniwa na mtahini wa bodi yenyewe, si mwalimu wake, na cheti hutoka kwenye bodi baadaye. Cheti chenye neno "London" kinachogawiwa jioni ile ile ya onyesho ni karatasi ya mahudhurio, na haistahili kulipiwa. Omba namba ya kituo cha mtihani kisha uiandikie bodi mwenyewe. Wengine huahidi kumwingiza mtoto kwenye tamasha la kitaifa la drama na filamu. Mashindano hayo, yaliyoanza 1959, huingiwa kupitia shule na vyuo, yakipanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa. Kambi ya likizo haina mlango wa kuingilia hapo. Na wakikutoza "ada ya leseni" kwa sababu wataigiza mchezo wa nyimbo wa Disney, waombe wakuonyeshe hiyo leseni. Matoleo ya kuigizwa na watoto hutolewa leseni na Music Theatre International ya New York, kwa maandishi, yakitajwa jina la kundi na tarehe za maonyesho.

Ahadi ya kazi ya matangazo au filamu, pamoja na "picha za wasifu" za kulipiwa, ikatae moja kwa moja. Wakala wa kweli hula asilimia ya malipo ya kazi iliyopatikana. Hamtozi mzazi kabla. Ahadi ya safari ya Dubai ni mbaya zaidi, kwa sababu huja na ombi la pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Usimwachie mtu hati halisi za mtoto.

Yapo mambo yasiyo na mjadala hata darasa likiwa zuri vipi. Hakuna "mazoezi ya hisia" ya mtoto mmoja na mwalimu mmoja mlango ukiwa umefungwa. Chumba cha kubadilishia maleba huwa na msimamizi wa kike kwa wasichana na wa kiume kwa wavulana, na simu hubaki nje. Msichana anayevaa hijabu hashurutishwi kuivua. Maleba hushonwa kumfuata yeye. Kila msimamizi awe na cheti cha mwenendo mwema, ile karatasi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, inayoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, tena ya hivi karibuni. Namba ya TSC, tume inayosajili walimu, si lazima, wasanii wengi hodari hawana, lakini anayejiita mwalimu aliyesajiliwa na asiitoe namba hiyo amekuongopea. Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijatumika. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Fomu ya ridhaa iwe peke yake, na uwe na haki ya kukataa bila mtoto kutolewa darasani.

Ukumbi unaotajwa kwenye bango, uwe Little Theatre Club, Tononoka au wa shule ya mtaani kwako, nenda ofisini uulize kama tarehe hizo zimelipiwa, na kwa jina la nani. Ni safari ya nusu saa, na ndiyo inayowaumbua wengi wao. Jina la biashara lisake katika sajili ya biashara kwenye eCitizen. Wakati wa kulipa, soma jina la mpokeaji ambalo M-Pesa inakuonyesha; kambi yenye jina kubwa inayopokea kwa namba ya simu ya mtu binafsi, tena inayobadilika kila malipo, iache. Taka orodha ya gharama zote kwa maandishi siku ya kwanza, maleba na tiketi zikiwemo. Lipa wiki ya kwanza tu, na siku ya kwanza ukae ndani ya darasa, nyuma ya watoto. Wakikuzuia kukaa, rudi na mwanao.

Kama umeshatuma pesa na umeshtuka, sambaza ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwenda 456 mara moja. Pesa huweza kurudishwa ikiwa mpokeaji hajazitoa. Namba ya tapeli iripoti Safaricom kupitia 333. Usifute mazungumzo wala bango, piga picha za skrini zenye tarehe, uende kituo cha polisi upewe namba ya OB, kitabu cha kuandikia matukio. Mkiwa wazazi kadhaa nendeni pamoja, kila mmoja na muamala wake, kwa sababu malipo madogo madogo hupuuzwa yakiletwa moja moja. Na kama mtoto ameguswa, amepigwa picha akibadilisha nguo au ameombwa picha kwa simu, usianze na suala la pesa: piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, inapokea usiku na mchana.