WhatsApp Business: nyota nne, baada ya kaunta buku

Nauza mapazia Kariakoo, na huu ni mwezi wa saba kazi yote ya wateja inapita WhatsApp Business. Programu ni ya bure, ipo tangu 2018, wengi mnayo tayari. Ila siwezi kuisifia kabla sijataja hela niliyoitupa kwanza.

Mwaka jana kampuni moja, jina naliacha, iliniuzia mfumo wa kujibu wateja bila mtu kugusa simu. Laki nane ya kufungiwa, halafu elfu hamsini kila mwezi. Kijana wao alikuja na laptop na maneno matamu: mteja akiuliza bei saa nane usiku, anajibiwa saa nane usiku. Na kweli ulijibu. "Bei zetu zinaanzia 45,000, karibu sana." Kila mtu, kila saa, hilo hilo.

Sasa pazia halina bei ya kuanzia. Dirisha la upana wa mita 2 mimi nakata kitambaa mita 5 ili likunjamane vizuri. Hapo bado shia (lile pazia jepesi la ndani), bomba au reli ya kutundikia, ushonaji, na fundi wa kwenda kufunga. Hesabu hiyo ilikuwa kichwani mwangu tu. Kwa hiyo mfumo ulimpokea mteja mbio, ukamfikisha kwangu, na mimi niko msibani Tanga, simu imezimwa. Mama mmoja wa Mbezi alinichana: "Dada, mnajibu haraka halafu hamsemi kitu."

Mwezi wa tatu nikausimamisha, nikanunua kaunta buku. Wiki tatu tuliandika kila aliyeuliza: lini, kajibiwa lini, kapimwa lini, kalipa kianzio au kapotea. Kijana wangu wa dukani alinung'unika kweli. "Bosi, si tulilipia mfumo ili tuache kuandika?" Daftari lilipojaa tukahesabu. Waliouliza 61, tuliowapima 19, waliolipa kianzio 14. Yaani tukishaingia na futi nyumbani kwa mtu, kwa kawaida hatoki. Tunawapoteza kabla ya hapo, wakati wananisubiri mimi niseme bei.

Dawa ilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza imebandikwa kaunta: bei ya kila kitambaa kwa mita, ushonaji, bomba, nauli ya fundi. Sasa mteja akituma picha ya dirisha na upana wa kukadiria, kijana anampa makadirio ndani ya dakika kumi, mimi nikiwepo nisiwepo. Ya pili ni ya vipimo. Zamani kijana alikuwa anarudi na "180 kwa 220", ukimuuliza upana ni upi anaangalia juu. Tumewahi kushona mapazia ya sebule nzima yakaishia juu ya magoti. Siku hizi karatasi ina mchoro wa dirisha na nafasi ya kujaza: upana, kimo kutoka bombani hadi sakafuni, ukuta wa tofali au zege. Na kianzio kikaanza kuingia Lipa Namba ya duka, siyo namba yangu, ambako kilikuwa kinachanganyika na michango ya harusi.

Hapo ndipo WhatsApp Business ilipopata cha kufanya. Lebo ndizo nilizozipenda zaidi. Tunazo tano: kauliza, apimwe, kianzio, kwa fundi, kafungiwa. Ni safu zile zile za kaunta buku, sasa zina rangi. Asubuhi nafungua "apimwe" naona wa Tabata wangapi, wa Kigamboni wangapi, namtuma kijana njia moja. Majibu ya haraka nayo yanaokoa vidole: unaandika mkwaju (/) na neno fupi, maelezo ya kupiga picha ya dirisha yanatoka yote. Simu kuu unaweza kuiunganisha na vifaa vingine vinne, kwa hiyo kompyuta ya kaunta na simu ya kijana vinaona meseji zile zile.

Mabaya yapo. Lebo unabadilisha mwenyewe kwa mkono. Ukisahau, mteja anabaki "kauliza" na mapazia yameshaning'inia kwake. Kwenye katalogi, ile orodha ya bidhaa zenye picha, naweka bei ya mita, na bado watu wanadhani ndiyo ya dirisha zima. Stoku haikuhesabii: majora yaliyobaki unahesabu kwa macho. Ujumbe wa "tumefunga" hauendi kama simu haina intaneti, bando likiisha Jumapili mteja anaongea na ukuta.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni salamu. Inajituma kwa anayeandika mara ya kwanza, na pia kwa mliyekaa siku 14 bila kuwasiliana. Mwezi uliopita baba mmoja, wiki tatu baada ya kufungiwa, alituma picha ya bomba limeng'oka na plasta yake. Simu ikamjibu: "Karibu sana! Ungependa mapazia ya chumba gani?" Alinipigia mwenyewe, na sikuwa na la kusema zaidi ya kumpeleka fundi jioni ile ile, bure.

Nyota nne. Ile salamu nimeizima.