Toyota IST, Raum, Spacio, Probox au Passo: gari dogo la familia kwa vilima vya Mwanza

Dalali akikuonyesha gari, kwanza atafungua boneti akusikilizishe injini. Wewe inama utazame tumboni. Gari dogo hapa Mwanza haliuawi na lami ya Igoma au Buhongwa. Linauawa na ile njia ya mwisho ya kupanda nyumbani, mawe na mifereji ya mvua, nyuma wamekaa watu watatu na kwenye buti kuna gunia la mkaa.

Na injini isikuchanganye. IST, Raum ya umbo lililoanza 2003, Spacio na Probox ambazo kadi inasoma cc 1490 (ukubwa wa injini) zote zinatumia injini ya aina moja, 1NZ-FE. Ni ya cheni, si ya belti, na cheni inadumu oili ikibadilishwa kwa wakati. Nenda asubuhi kabla halijawashwa: likiwashwa na cheni ikagongagonga kwa sekunde kadhaa, au likitoa moshi wa bluu, aga uondoke. Lisipofanya hivyo, ujue hapo unalipia siti na miguu (shokapu na bushi) tu.

Namba moja kwangu ni IST ya 2002 hadi 2007. Bodi fupi, tumbo limeinuka kiasi, kona za Bwiru linazipanda bila kugonga. Chukua cc 1490. Ya 1290 ikijaza watu mlimani utazima AC. Ubaya wake ni ugumu: kila tuta utalisikia kiunoni.

Raum ingekuwa ya kwanza kama ningekaa kando ya lami. Ile iliyoanza 2003 haina nguzo katikati upande wa kushoto, na milango ya nyuma inateleza, kwa hiyo bibi mwenye magoti mabovu anaingia kama anaingia sebuleni. Lakini liko chini, mawe yatalikwangua. Fungua na kufunga milango hiyo mara kumi. Reli zikijaa vumbi hukwama.

Spacio ni ya wenye watoto wengi. Siti ya tatu ni ya watoto kweli, mtu mzima atakaa magoti kidevuni. Safari ya Musoma, zaidi ya kilomita 200, ndiyo linalotulia kuliko yote haya. Ila likipakia saba kila siku nyuma inalala, kagua shokapu na bushi.

Probox halichoki, ila siti ya nyuma imesimama wima kama benchi la shule. Halafu nusa zulia. Likiwahi kubeba dagaa, hakuna sabuni itakayokusaidia.

Passo ya pistoni tatu unywaji wake wa mafuta ni mdogo, lakini kwenye foleni linatetemeka na mlimani linalia. La mtu mmoja wa mjini. Ya pistoni nne ina nafuu.

Siku ya kulijaribu usikubali kuzungushwa Makongoro. Pakia familia nzima, panda nalo mpaka mlangoni kwako. Dalali akisita, mwambie mafuta utaweka wewe.