Honda CRF250L au Africa Twin? Nimezipitisha zote njia ya Natron

Huu ni mwaka wa tatu natumia CRF250L, pikipiki ndogo ya Honda. Mwezi wa nane rafiki yangu wa Arusha aliniachia pikipiki yake kubwa, Africa Twin, ile CRF1000L, kwa wiki nzima. Nikaipeleka njia niliyoizoea: Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Engare Sero karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai.

Kwenye lami sikutaka kuiachia. Kioo kinakata upepo, kiti hakichoshi, na ukivuta mafuta kulipita lori inaondoka kama haijabeba kitu. Yangu kipande hichohicho hutetemesha mikono mpaka vidole vinakufa ganzi. Tena tanki lake ni lita 7.8 tu, hivyo lazima nifunge dumu la lita 5 nyuma. Kubwa inabeba lita 18.8.

Ukishaipita Engaruka, habari ni nyingine. Vumbi la majivu ya volkano ni laini kama unga, na kila baada ya muda unakutana na korongo la mchanga. Rimu za zote mbili ni inchi 21 mbele na 18 nyuma, kwa hiyo tofauti usiitafute huko. Tofauti ni uzito: kilo 145 hivi kwa 230 hivi, na hapo hujafunga begi.

Ile ndogo ikianza kuyumba mchangani nasimama, naongeza mafuta kidogo, inajinyoosha. Kubwa ikiyumba inakuchukua. Korongo la pili ililala. Nilishusha mabegi, nikaipa mgongo, nikasukuma kwa miguu mara mbili bila mafanikio, hadi vijana wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walipokuja kunipa mkono. Mungu awabariki. CRF250L nimewahi kuiinua peke yangu mara nne kwa siku moja na safari ikaendelea.

Kama safari zako ni Arusha hadi Iringa, na mwenzako kakaa nyuma na mizigo, chukua adivencha, yaani pikipiki kubwa ya safari ndefu kama Africa Twin, bila kusita. Dueli-spoti ndogo, yaani pikipiki nyepesi ya lami na vumbi kama yangu, itawatesa wote wawili. Mimi hupita njia ambazo gari unaweza usilione nusu siku, tena peke yangu, kwa hiyo nabaki na yangu.

Kabla hujalipa hela, mwombe mwenye pikipiki muilaze taratibu kwenye nyasi, tanki likiwa limejaa, kisha uiinue mwenyewe.