TAHADHARI: Anayeuza "seti kamili" za Penric za Bujold, msitume hela

Wakuu, habari za majukumu. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasomaji hapa Dar. Ukiulizia tu novela (hadithi fupi kuliko riwaya) za Lois McMaster Bujold, mwandishi wa fantasia wa Marekani, zile za Penric na pepo wake Desdemona, anakufuata inboksi kabla hujapata jibu la mtu mwingine. Anasema ana ndugu yake Marekani anayemletea mzigo. Namba ya simu anabadilisha, jina la biashara anabadilisha, picha ni zile zile. Kwenye grupu letu wawili wameshalizwa: mmoja hakuona hata karatasi, mwingine aliletewa kitu ambacho nimekishika kwa mikono yangu na nitakieleza hapa chini.

Huyu mtu anakula kwenye mkanganyiko wa matoleo, kwa hiyo bora kila anayetafuta vitabu hivi ajue vilivyotoka kwa utaratibu gani. Penric's Demon ilitoka Julai 2015 kama kitabu cha kielektroniki tu, mwandishi akiitoa mwenyewe. Karibu zote zilizofuata zimepita njia hiyo hiyo, kielektroniki kwanza. Baadaye wachapishaji Subterranean Press huchapa toleo la jalada gumu, nakala chache, zimesainiwa na kila moja ina namba yake. Zikiisha zimeisha, na bei yake mitumba hupanda. Halafu kuna Baen, wachapishaji wengine, waliozikusanya tatu tatu kwenye kitabu kimoja: Penric's Progress na Penric's Travels mwaka 2020, Penric's Labors mwaka 2022. Vitabu vya sauti vipo pia, na anayesoma ni Grover Gardner, sauti ambayo ukiizoea huwezi kumchanganya na mtu.

Sasa tuje kwa jamaa. Tangazo lake kubwa ni Penric's Demon ya jalada gumu, "toleo la kwanza 2015, ina sahihi ya mwandishi". Mwaka 2015 hapakuwa na jalada gumu. La Subterranean lilikuja 2016. Mtu anayekuuzia kitu cha laki kadhaa na hajui kilichapwa lini, huyo hajawahi kukiona. Na kuna lingine lililotuchekesha kwa uchungu: picha ya ukurasa wenye sahihi aliwatumia watu wawili tofauti kama "nakala yako", na namba ya nakala kwenye picha zote mbili ni ile ile. Tuliweka skrinishoti pamoja ndipo tukaona.

Seti yake ya "vitabu sita" ndiyo yenye ujanja zaidi, kwa sababu hata kama angeleta vitabu halisi bado ungekuwa umepigwa. Ndani ya seti kuna Penric's Progress, Penric's Travels, kisha Penric's Demon, Penric and the Shaman, Penric's Fox na Penric's Mission. Inaonekana ni sita, lakini hebu fungua Progress: ndani kuna Demon, Shaman na Fox. Fungua Travels: kuna Mission, Mira's Last Dance na The Prisoner of Limnos. Maana yake vitabu vinne vya mwisho vyote vimo tayari kwenye viwili vya kwanza. Msomaji mgeni hana namna ya kujua kwa kutazama majalada, na majina yenyewe yanafanana mno. (Hili si kosa la Baen wala la mwandishi. Yaliyomo yameandikwa wazi, ila yeye kwenye picha zake haonyeshi kamwe ukurasa wa yaliyomo. Muombe uone atakavyokuwa mkali.)

Mzigo niliouona ulikuwa fotokopi. Mtu kachapa PDF ya wizi steshenari, kapiga gundi mgongoni, kabandika jalada lililovutwa kutoka mtandaoni mpaka picha imevunjikavunjika. Pembeni maneno yamekatwa na mashine ya kukatia karatasi. Ndani ya mzigo kulikuwa na The Assassins of Thasalon, ambayo pia ni ya Penric lakini ni riwaya kamili, ndefu kuliko hizo novela, lakini yake ilikuwa na kurasa chini ya mia na ikaishia katikati ya sentensi. ISBN ya nyuma (namba ya utambulisho wa kitabu) tuliitafuta, ikaleta kitabu cha mapishi.

Kwa wanaopenda kusikiliza, anauza pia "kifurushi cha sauti" kwa Telegramu. Dakika moja inatosha: ni sauti ya mashine, inatamka Desdemona kila mara kwa namna nyingine, na hakuna Gardner humo.

Yule ambaye hakupata chochote alipitishwa njia ya forodha. Alilipa nusu, wiki ikapita, akaambiwa mzigo umekwama, inatakiwa hela ya ushuru, itumwe kwa namba ile ile ya simu. Jamani, malipo ya serikali yanakuja na kumbukumbu namba ya malipo na risiti. Hakuna ofisa wa forodha anayelipwa kwa namba ya mtu binafsi yenye jina la kike wakati unaongea na mwanaume. Alipouliza hilo, akapigwa bloku.

Anayezitaka kweli aanze na za kielektroniki. Zinauzwa rasmi kwa dola chache kila moja, kwenye Kindle na Apple Books, unaisoma kwenye simu dakika hiyo hiyo, na hela inamfikia mwandishi. Anayetaka karatasi achukue zile tatu za Baen, zina novela tisa kwa jumla na ndiyo njia nafuu. Bujold mwenyewe hutangaza kila hadithi mpya kwenye blogu yake ya Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, hivyo mtu akikuuzia novela ya Penric ambayo haimo humo, mwache aendelee na safari yake. Za Subterranean tafuta taratibu, na usikubali kulipa kabla ya kupigiwa picha nakala ikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako.

Waliokwisha kutuma hela: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mapema uombe muamala uzuiwe, kwa sababu akishatoa imekwenda. Ujumbe wake na namba yake tuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mazungumzo usifute hata kama yanakukera, polisi watayahitaji, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa utapeli wa aina hii.

Skrinishoti zote ninazo, pamoja na zile picha mbili za sahihi. Mwenye tangazo analolitilia shaka aniletee inboksi tulinganishe. Na kama kuna mtu ana Penric's Labors ya kwake anaiuza, mimi ni mnunuzi, tuonane Posta mchana, nifungue kurasa kwanza.