Kamera ndogo zisizo na kioo: anza kwa kukagua shata

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amenunua kamera ya Micro Four Thirds, mfumo wa kamera ndogo za Olympus na Panasonic, mwanga upo, mkono umetulia, fokasi imeshika, lakini akikuza picha anaona kila mstari una pacha wake. Muuzaji anamwambia lenzi iliyokuja na kamera ni dhaifu, aongeze pesa achukue bora zaidi. Anaongeza, na pacha bado yupo.

Mara nyingi lenzi inasingiziwa. Kinachoharibu picha ni mtikisiko wa shata, yaani pazia linaloruhusu na kuzuia mwanga ndani ya kamera, na mpangilio wa mwongozo huu unategemea huo kuliko kitu kingine chochote. Megapikseli tuzipite: kati ya 16 na 20 hutaona tofauti kwenye picha ya ukubwa wa A4. Sensa, yaani kifaa kinachonasa picha, ni milimita 17.3 kwa 13, hivyo lenzi ya mm 25 inaona upana uleule unaoonwa na lenzi ya mm 50 kwenye kamera ya fremu kamili, yenye sensa kubwa zaidi. Hayo kila mtu anayasema.

Kinachotokea ndani

Kamera isiyo na kioo huacha pazia la shata wazi ili uone picha kwenye skrini. Ukibonyeza, pazia linajifunga, linafunguka ili picha ianze, linajifunga tena ili iishe, kisha linafunguka kukurudishia skrini. Kishindo cha kufunga na kufungua kwa mara ya kwanza kinatangulia picha kwa muda mfupi sana, na mwili (kamera bila lenzi) wa gramu 400 wenye lenzi ya gramu 100 hauna uzito wa kukimeza. Kamera inaruka juu na chini kidogo mno. Ndiyo maana mistari iliyolala ndiyo inayojirudia, huku iliyosimama ikibaki safi.

Kasi za shata zenye hatari ni takriban 1/60 hadi 1/250 ya sekunde. Kwenye 1/1000 kila sehemu ya sensa inapata mwanga kwa muda mfupi mno hata mtikisiko hauwahi kujiandika. Kwenye 1/15, mtikisiko ni sehemu ndogo tu ya muda wote. Sasa angalia kamera inajichagulia kasi gani ukipiga picha ndani ya nyumba au kivulini: ni hapohapo katikati. Kituliza mtikisiko kilicho ndani ya mwili kimeundwa kwa ajili ya kuyumba kwa mkono, hakiwezi kufuata kishindo cha haraka namna hiyo.

Dawa yake ni pazia la kwanza la kielektroniki. Sensa yenyewe inaanza kupokea mwanga bila pazia kutangulia kujifunga, na pazia la chuma linakuja kumalizia tu. Shata ya kielektroniki kamili nayo inaondoa kishindo chote, ila inakuja na matatizo yake. Sensa nyingi za aina hii husoma picha taratibu, mstari kwa mstari, hivyo gari linalopita linapinda, na taa za LED au za mrija zinaacha michirizi ya giza na mwanga. Kwenye kamera nyingi flashi nayo haiwaki. Usikubali kuambiwa kwamba shata hiyo ya kielektroniki kamili, inayoitwa ya kimya, ndiyo suluhisho.

Miili, kwa mpangilio wangu

Ya kwanza ni Olympus E-M10 Mark II ya 2015, iliyotumika. Naipendelea Olympus na sifichi. Mwili una uzito wa gramu 390 pamoja na betri, una kituliza cha mihimili mitano na kidirisha kizuri cha kuchungulia. La muhimu kuliko yote, una pazia la kwanza la kielektroniki. Lakini halijiwashi lenyewe! Ingia kwenye menyu, tafuta Anti-Shock yenye alama ya almasi, weka sekunde 0, kisha kwenye namna za upigaji chagua ile yenye almasi. Hatua ya pili ndiyo inayosahauliwa. Watu wanaweka sifuri wakadhani wamemaliza. Inafanya kazi hadi 1/320, na juu ya hapo kamera inarudi kwenye pazia la chuma yenyewe, ambako hatari imeshapungua. Mark IV ya 2020 ina megapikseli 20 na inachajiwa kwa waya wa USB. Ukiipata kwa nyongeza ndogo, chukua. Kwa nyongeza kubwa, hiyo pesa iende kwenye lenzi.

Ya pili ni Panasonic GX80, ambayo sehemu nyingine inauzwa kwa jina la GX85 au GX7 Mark II. Ilitoka 2016 ikiwa na shata mpya inayoendeshwa kwa sumaku-umeme badala ya springi, na kishindo kilipungua sana. Hapa huna haja ya kugusa menyu. Kilichoishusha machoni pangu ni kidirisha chake: kinaonyesha rangi moja baada ya nyingine kwa kasi, na baadhi ya macho yanaona cheche za upinde wa mvua kila yanapohama. Chungulia kwanza kabla ya kulipa.

Ya tatu ni Olympus E-M5 Mark II, kwa anayepiga picha mvuani au vumbini. Kumbuka kwamba mwili uliozibwa maji unahitaji lenzi iliyozibwa pia, la sivyo maji yanapita kwenye kiungo. E-M1 Mark II ya 2016 ni ya nne kwa sababu ya uzito tu, gramu 574. Kwa ndege na michezo ningeipandisha iwe ya kwanza, maana fokasi yake inafuata kitu kinachokimbia, jambo ambalo hizo nyingine zinalifanya kwa shida.

Za bei ya chini kabisa, kama E-P1 na E-PL1, ziache. Hazina dawa niliyoieleza.

Kipimo cha dakika kumi

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani. Weka lenzi ya zumu kwenye mwisho wake mrefu, mm 42 au 150. Chagua namna ya S, ambayo wewe unachagua kasi ya shata, na ISO (unyeti kwa mwanga) ijipange yenyewe. Piga picha nne kwa kila kasi: 1/30, 1/80, 1/125, 1/200 na 1/500, kwa shata ya chuma. Rudia zote kwa pazia la kwanza la kielektroniki, au shata ya kielektroniki kama hilo halipo. Kuza hadi asilimia 100, tazama mistari iliyolala. Kama 1/125 ya chuma ina pacha na ya kielektroniki ni safi, umeshapata jibu. Picha moja haitoshi, kwa kuwa mtikisiko hautokei kwa nguvu ileile kila mara.

Lenzi

Olympus mm 45 f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga zaidi) inakuja kwanza: gramu 116, sura za watu zinatoka vizuri, na iliyotumika hupatikana kwa urahisi. Olympus 12-40 f/2.8 ina gramu 382, na uzito huo unasaidia kumeza kishindo. Panasonic mm 20 f/1.7 ya 2009 ni kali lakini fokasi yake ni polepole, kwa sababu kundi zima la vioo husogea. Kwa watoto wanaokimbia haifai. Panasonic 12-32 ni gramu 70 tu. Shika mdomo wake wa mbele uuzungushe taratibu. Mdomo huo ukilegalega, gundi imeachia.

Ukifunga lenzi ya Panasonic yenye kituliza chake kwenye mwili wa Olympus, vituliza viwili havifanyi kazi pamoja. Kimoja ndicho kinachotumika.

Wauzaji nao wanakera. Wanajaza sanduku kwa vichujio, vioo vya kubandika mbele ya lenzi na mifuko, kisha wanaliita ofa, huku idadi ya mibonyezo ya shata hawaitaji. Panasonic GM5 ya 2014, ambayo pazia lake la chuma linaishia 1/500, inauzwa kwa bei ya kamera kubwa zaidi kwa sababu tu ni ndogo na haitengenezwi tena. Lenzi ya 2009 yenye mikwaruzo inaitwa adimu. Omba picha ya hesabu ya shata, mulika tochi ndani ya lenzi uone kama kuna kuvu, na mwenye kukataa kipimo cha gazeti usimwachie pesa yako.

Ukishanunua iliyotumika utataka kufuta mipangilio ya mwenyewe wa zamani. Futa, lakini rudi kwenye menyu siku hiyohiyo uweke sifuri na almasi upya, kwa kuwa navyo vimefutika.